Kuna mtu hakuzaliwa na roho ya biashara akaipata ukubwani? Niko Kisumu naomba majibu ya ukweli

NyarNyalenda:

Hamjambo nyote. Niko Kisumu, nafanya kazi ya mapokezi kwa ofisi hapa tao, mshahara ni ule unafika tarehe ishirini hivi halafu unaanza kupanga nauli na chakula kama vitu viwili ambavyo haviwezi kuwa pamoja. Mamangu ameuza omena (dagaa) tangu nikiwa mtoto, anatoa beach kwa wavuvi anauza soko la Kibuye kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na hiyo omena ndio ilinisomesha mpaka nikamaliza koleji. Sasa kuna wazo limenikalia kwa kichwa muda mrefu na halitoki. Nataka niwe nauza omena ambayo imeshachambuliwa, mchanga umetoka, imeoshwa, imekaushwa juu ya neti, halafu imefungwa pakiti ndogo ya kupika mara moja, niwauzie hawa watu wa ofisi na wa estate ambao omena wanaipenda sana lakini kukaa chini kuchambua ndio hawana hiyo saa.

Shida si wazo, shida naona ni mimi mwenyewe. Nikimwambia mtu bei naskia kama namwibia. Mtu akiniuliza "hupunguzi?" nimeshapunguza kabla amalize kuuliza. Kukataza mtu wa familia kitu siwezi, na najua nikianza tu kila binamu atapita "nionje kidogo". Na naogopa, nisiwadanganye. Mjomba wangu aliniambia biashara inataka watu wagumu na mimi ni mpole sana nikae tu na kazi yangu.

Kwa hivyo swali langu ni hili, hii tabia ya mfanyabiashara mtu huijenga aje? Mtaji siulizi, huo nitatafuta polepole. Nauliza mtu hubadilika aje huku ndani. Na tafadhali msiniandikie "jiamini", hiyo nimeambiwa sana na hakuna mwenye alinionyesha inafanywa aje.

ViaziNax:

Dada pole na kazi. Mi niko Nakuru, nauza viazi, natoa pande za Molo na Elburgon naleta huku sokoni, na hii swali yako imenifanya nikae chini niandike vizuri kwa sababu vijana wengi huniuliza mtaji tu na hawaulizi hii.

Kwanza hiyo ya mjomba wako kuhusu watu wagumu mi sikubaliani nayo kabisa. Hawa wenye wamedumu hapa sokoni wengi ni watu wanyamavu, hata ukipita unaweza dhani hawauzi. Wenye kelele huwa wanakuja na kuenda. Mpole si shida.

Hiyo aibu ya bei nakuambia inatoka wapi, inatoka kwa kutojua hesabu yako. Mtu akijua kitu kimemkula pesa ngapi mpaka kikafika mkononi mwa kastoma, mdomo wake unatulia wenyewe. Tuseme umenunua gorogoro ya omena sh 300, nauli sh 50, pakiti na stika sh 60, halafu uweke pia jasho lako la kuchambua na kuosha, tuseme sh 150, hiyo usiiache kwa sababu ungeandika mtu ungemlipa. Hapo uko sh 560. Sasa ukishatoa mchanga na takataka na zile zimevunjika, gorogoro si gorogoro tena, imepungua, tuseme ikakupea pakiti 8. Kila pakiti imekukula sh 70 na hujaweka faida hata shilingi moja. Sasa mtu akikwambia nipatie kwa 60, utajua umemlipa kumi abebe omena yako aende nayo. Hapo huwezi ona kama unamwibia, utaona yeye ndio anakuomba kitu kikubwa, na utakataa kwa upole wako huo huo na sauti haitatetemeka. Hizi bei nimeweka za mfano, weka zako za ukweli, lakini andika kwa daftari, usihesabu na kichwa.

Ya pili ni kuamua haraka. Mimi nauza sana aina ya viazi inaitwa Shangi, na Shangi ikishavunwa haikungoji, wiki chache imeanza kuota macho. Soko likishuka lazima niamue leo, niuze na faida kidogo ama nirudishe tu pesa yangu, kwa sababu nikingoja bei nzuri nitauza mbegu. Hii ya kuamua ukiwa hujui kila kitu ndio naona inachukua watu muda zaidi kuzoea na hakuna njia ya mkato, unaanza na maamuzi madogo ya pesa kidogo ndio moyo uzoee.

Ya tatu watu hawapendi kuisikia, ni uaminifu. Tangu zile sheria za viazi za 2019 gunia linafaa kuwa kilo 50 na basi, lakini bado kuna madalali wanaenda shambani na lile gunia la kushonewa juu linavimba kama kilima, mkulima analipwa gunia moja na ametoa karibu mbili. Mi nilikataa hiyo biashara. Wakulima walikuwa wananiangalia kama mgeni mwanzoni, sasa viazi vikikomaa wananipigia mimi kabla ya dalali. Hiyo simu ya kwanza ndio mtaji wangu mkubwa na hakuna benki inaweza kunipea.

Mwalimu_wa_Lurambi:

Asante sana ViaziNax, hiyo hesabu ya pakiti nitaipeleka darasani kesho. Mimi nafundisha somo la biashara hapa Kakamega na swali la dada limenigusa kwa sababu mtaala wetu uko na daftari za hesabu nyingi na huyu anauliza juu ya mtu.

Dada, jibu fupi ni kwamba hii roho hufundishika, na imepimwa. Kuna utafiti ulifanywa Togo, mji wa Lomé, matokeo yakachapishwa 2017 kwa jarida la Science. Walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500, wakawagawa makundi matatu ya watu 500. Kundi moja lilifunzwa mambo ya kawaida, uwekaji hesabu, kutafuta soko, mambo ya pesa. Kundi la pili likafunzwa kile walichokiita kujianzishia, yaani kufanya kitu kabla uambiwe, kutazama mbele badala ya kungoja shida ifike, kujitofautisha na jirani anayeuza kitu kama chako, na kuendelea ukipigwa na kizuizi. Kundi la tatu halikufunzwa. Baada ya miaka miwili kundi la kujianzishia faida yao ilikuwa imepanda kama asilimia 30 ukilinganisha na wale hawakufunzwa. Lile la mafunzo ya kawaida lilipanda asilimia 11, na kitakwimu hiyo huwezi hata kusema kwa uhakika ilitokana na mafunzo. Mimi kama mwalimu wa hesabu za biashara hiyo iliniuma kidogo lakini ni vizuri kuijua.

Na angalia wewe uko wapi tayari. Wauza omena Kibuye ni wengi wamepangana na wote wanauza kwa gorogoro. Wewe umeona mtu wa ofisi hana saa ya kuchambua. Hiyo ni kujitofautisha, na hakuna mtu alikutuma. Kwa hivyo usiniambie huna roho.

Kuhusu woga. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa David McClelland, aliwapea watu mchezo wa kurusha pete iingie kwa kigingi na akawaambia kila mtu achague mwenyewe atasimama umbali gani. Wengine walisimama karibu kabisa, hawawezi kosa. Wengine wakasimama mbali sana, ikiingia ni bahati. Wale wenye hamu ya kufanikisha kitu kwa juhudi yao walisimama katikati, pahali panahitaji ujuzi lakini panawezekana. Hawa ndio yeye aliona wanafanana na wafanyabiashara. Kwa hivyo mtu wa biashara hapendi hatari vile watu husema, anapenda hatari ambayo anaweza kuifanyia kitu. Kwako umbali wa katikati ni kubaki kazini na kuanza na omena ya kiasi ambacho hata ikioza yote nyumbani mtakula na kodi italipwa. Usiache kazi ati ndio uonyeshe uko serious, hiyo ni kusimama mbali sana.

BusiaMpakani:

Mwalimu na heshima zote, mi nitapinga kidogo. Hao watu 1,500 wa Lomé si walikuwa na biashara tayari? Walifunzwa wakiwa na stoki na kastoma. Huyu dada hajaanza. Na nimechoka kuona vijana wanaingizwa mikutano wanalipa kiingilio wanaambiwa badilisha mawazo utajiri utakuja, halafu wanarudi nyumbani na mawazo mapya na mfuko ule ule. Hapa mpakani naona watu wako na akili ya biashara kushinda mimi na wewe, wanaamka saa tisa usiku, wanajua bei ya Malaba na ya Busia na ya upande wa Uganda wote kwa kichwa, na bado wako pale pale kwa sababu mtoto akiugua stoki yote inaenda hospitali. Roho wanayo. Kitu hawana ni nafasi ya kukosea bila kulala njaa.

Hata Hustler Fund, ile mikopo ya serikali, ilivyoanza mwisho wa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi unaanzia sh 500 mpaka sh 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, riba ni nafuu sijakataa, lakini mtu anaanza na kale kakiwango kadogo na inatakiwa irudi haraka. Sh 500 haikupi muda wa kujifunza kitu.

Sisemi dada asianze. Nasema asijilaumu moyoni ikienda polepole akadhani ni tabia yake mbaya, pengine ni pesa tu haitoshi. Hiyo kujilaumu huua watu wengi wazuri.

Mwalimu_wa_Lurambi:

BusiaMpakani uko sawa kabisa kwa hilo la Lomé, wote walikuwa na biashara ndogo tayari na nilifaa niliweke wazi. Na hilo la kujilaumu nalikubali pia. Lakini naona linaniunga mkono, kwa sababu mafunzo yale yaliwashika watu wakiwa kazini, mikono iko kwa bidhaa. Kwa hivyo dada akae akingoja roho ikomae ndio aanze atangoja sana. Aanze na kidogo, roho itakomaa hapo ndani ya kazi.

MamaMtumba_Kibuye:

Nyathina (mwanangu) habari. Wewe ni wa kwetu kabisa, mimi pia niko Kibuye, nauza mitumba ya watoto, pengine mamako ananijua kwa uso. Hawa wanaume wamesema vizuri sana lakini kuna kitu wameruka na ndicho kilichonifanya nitafute mtoto wangu aniwekee bando nijibu.

Watu wa familia. Hiyo ndiyo inamaliza wanawake hapa sokoni, mtaji na kastoma vinakuja baada ya hiyo. Mwanamume akisema hapana wanasema ana msimamo, wewe ukisema hapana wanasema umebadilika, umepata pesa umesahau watu. Kwa hivyo kukataa usikungoje hapo hapo, ukingoja mpaka shangazi asimame mbele yako utapeana. Maneno unayatengeneza ukiwa nyumbani umetulia, unayasema kwa sauti mpaka yazoee mdomo. Mimi langu ni hili, "hii si yangu, ni ya biashara, yangu ni ile nitapata jioni". Na ni kweli, si uongo wa kumfukuza mtu, kwa sababu mimi najilipa. Nina kiasi changu cha siku, kidogo tu, hicho ndicho nakula, hicho ndicho natoa sadaka, hicho ndicho nasaidia nacho mtoto wa dada yangu fare ya shule. Siku kimeisha nasema kimeisha na roho yangu haiumi. Laini ya simu ya biashara ni tofauti na laini ya nyumbani, kastoma analipa kwa till, ile namba ya kulipia ya biashara, na pesa ya till hainunui unga. Ukifanya hivyo utaona hata upole wako haupotei, unapeana bado, lakini unapeana chako.

Deni nalo. Usianze na deni kwa watu wa ofisi yako. Wafanyakazi wenzako watasema nitakulipa mwisho wa mwezi na wanamaanisha, halafu mwisho wa mwezi unafika utaona aibu kumkumbusha mtu mnakunywa chai naye. Anza na watu hawakujui. Najua inasikika kinyume kwa sababu mtu huanza na wa karibu, lakini kwa mtu wa aibu kama wewe mgeni ni rahisi, akikataa anaenda zake na hutamuona kesho kazini. Njoo Jumapili hapa Kibuye ndio soko limejaa, usimame na pakiti zako kando ya mamako, uulize wapita njia. Wengine watakupita kama hawajakuona. Hiyo kupitwa ndiyo unajifunza. Ukishazoea kupitwa hautaogopa tena.

Kitu kingine. Bei itaje halafu unyamaze. Unasema bei yako halafu unafunga mdomo. Wewe naona unasema bei halafu unaongeza "lakini naweza kupunguzia". Usiongeze. Kastoma naye anahitaji muda wa kufikiria, mwachie.

Na la mwisho nyathina, huyu mtu wa kukufundisha unamtafuta kwa simu na unaishi naye. Mamako amesomesha watoto na gorogoro. Hajui kuitwa mjasiriamali lakini ukae karibu naye siku moja uangalie tu, anafanya nini mtu akimwambia punguza, anapea nani nyongeza na nani hampei, anajuaje omena hii ilikauka vizuri na hii ilinyeshewa ikarudishwa juani. Muulize. Sisi akina mama hatuulizwi, watoto wakisoma wanaona yale tunafanya ni kuhangaika tu.

BusiaMpakani:

Mama hapo kwa laini mbili naomba kila kijana asome mara mbili. Sina la kuongeza.

NyarNyalenda:

Asanteni sana kila mtu, sikutarajia haya yote. Mama mitumba nimefanya ulivyosema, wikendi nimekaa na mama kwa meza yake mpaka jioni na nimetoka na vitu vingi sana sijui nianzie wapi.

Akiombwa apunguze hapunguzi bei kabisa, anaongeza ngumi moja ya omena juu ya gorogoro. Nilimuuliza kwa nini, akasema bei ukishashusha leo kesho hiyo ndiyo bei, lakini nyongeza ni zawadi na zawadi haina deni. Na nyongeza haipei kila mtu, anapea mwenye amerudi mara ya pili. Miaka yote nimekaa hapo nikimsaidia na sikuwahi kuona hiyo.

Halafu akanifunza mwezi. Nilikuwa najua wavuvi hutoka usiku na taa ndio omena ikuje kwa mwanga, lakini sikuwa nimeunganisha na biashara. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote limeng'aa, taa haivuti kitu, omena inakuwa kidogo na bei inapanda. Giza likirudi inashuka. Yeye hununua nyingi wakati wa giza anakausha anaweka, na wakati wa mwezi anauza zile zake bila kuongeza bei sana ndio kastoma wasihame. Na miezi ile uvuvi wa omena unafungwa anajua mapema, anajipanga. ViaziNax ile ya kuamua haraka uliyosema, kwake naona ni kama kuamua mapema, anaamua shida ikiwa bado mbali.

Nimemuuliza pia kama yeye huogopa. Akasema kila mvua ikinyesha na omena iko kwa neti anaogopa, sasa afanye nini, anakimbia anafunika.

Hesabu nimefanya na bei za ukweli, ikatoka tofauti na ya ViaziNax, pakiti yangu inanikula karibu sh 80 kwa sababu neti na maji ya kuosha sikuwa nimeweka. Nitaanza na gorogoro mbili tu, kazi siachi. Jumapili inayokuja nitakuwa hapo Kibuye. Wa ofisini nitawauzia baadaye na hakuna deni, nimeshafanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo na mdogo wangu akiwa anajifanya yeye ndio shangazi, anasihi mpaka anapiga magoti.

Swali moja imebaki. Nikitaka hizi pakiti ziingie duka ama supamaketi siku moja, mambo ya vibali nianze lini? Naogopa niende mbali halafu nifungiwe.

ViaziNax:

Hiyo ya nyongeza badala ya kushusha bei naichukua, mamako umsalimie sana.

Vibali anza kuuliza sasa hivi ukiwa mdogo, si lazima ulipe kila kitu leo. Kwa kuuza sokoni pakiti chache kando ya mama, kwanza chukua kile cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula, hicho unapimwa unapewa, na uulize watu wa afya wa kaunti hapo Kisumu wanataka pahali pa kuoshea na kufungia paweje. Ukianza kuwa na pahali pako ndio kibali cha biashara cha kaunti. Supamaketi nayo haitakubali chakula cha pakiti bila alama ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, na KEBS wataangalia omena yenyewe, unyevu wake, usafi, na stika iandikwe vizuri, uzito, tarehe, ilipakiwa wapi. Kwa hivyo kutoka pakiti ya kwanza kabisa zoea kupima uzito na mizani usipime na ngumi, na uandike tarehe. Ukifika huko mbele itakuwa ni tabia yako tayari na hutakimbizana na kujifunza upya.

Halafu Jumapili ukitoka utuandikie umeuza ngapi na umepitwa na wangapi.

MamaMtumba_Kibuye:

Mimi niko upande wa nguo za watoto, uliza mtu yeyote atakuonyesha. Ukichoka kusimama kuja ukae kwa kiti changu.

NyarNyalenda:

Nitakuja mama. Nitakuletea pakiti moja, na hiyo nitaitoa kwa yangu ya siku si kwa stoki.